Kempa ya pikapu kwa safari za Tabora na Kigoma: paa la kuinua au kuta ngumu?

Mrina wa Ipuli aliuliza:

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Ninaishi Ipuli, hapa Tabora Mjini, na kazi yangu ni kununua asali kwa warina wa Sikonge, Urambo na Kaliua, kuichuja, kisha kuiuza kwa jumla. Kila mwezi hulala nje ya nyumba yangu siku nane hadi kumi. Miji midogo ina nyumba za wageni na sina malalamiko nazo, lakini kambi nyingi za warina ziko ndani ya msitu, mbali na barabara kuu, na huko hulala kwenye kiti cha pikapu, magoti yakiwa yamekumbatiana na usukani. Nimeshavuka miaka hamsini na mgongo umeanza kudai chake. Mke wangu naye amestaafu ualimu mwaka huu na anataka tusafiri pamoja: tushuke Kigoma kwa njia ya Kaliua na Uvinza, tukae ziwani wiki nzima, na mwakani tuelekee Katavi kupitia Mpanda.

Hapo ndipo lilipotujia wazo la kempa, yaani kile kijumba kinachopachikwa kwenye bodi ya pikapu, ambacho safari ikiisha hushushwa kwa jeki nne za pembeni, gari likabaki huru kwa kazi zake. Mwaka jana pale Ujiji tulikuta moja ya wasafiri waliotoka Afrika Kusini kwa barabara. Yule mama alifungua lachi nne za nje, akaingia ameinama, akasukuma dari kwa bega upande wa nyuma na kisha upande wa mbele, na paa lote likapanda kiasi cha urefu wa mkono huku kuta za turubai zikijinyoosha. Haikuchukua dakika mbili. Mke wangu alitazama kama mtu anayetazama mazingaombwe, na tangu siku hiyo sina amani nyumbani.

Moyo wangu mimi, hata hivyo, uko kwa ile aina ya pili, yenye kuta ngumu kuanzia sakafuni hadi darini, kwa sababu naiona ni nyumba: unafunga mlango kwa ufunguo na unalala. Gari langu ni Hilux singo kebini ya dizeli inayovuta kwa magurudumu yote manne, na springi zake ni zile zile za kiwandani. Naweza kuagiza kempa iliyotumika kutoka Afrika Kusini ikapitia Tunduma, au nikatafuta fundi hapa hapa. Naomba mnieleze ni aina ipi itakayofaa kwa barabara na misitu yetu, na kila atakayejibu anisaidie kwa kutaja aliyoyaona kwa macho yake. Kwa taarifa yenu, ningependa niendelee kubeba walau ndoo kumi za asali ninaporudi.

Dereva wa Zamani alijibu:

Mzee mwenzangu, pole kwa mgongo, na hongera kwa mama kustaafu salama.

Kwa miaka kumi na mmoja niliendesha magari ya kambi upande wa Ugalla, tangu likiwa pori la akiba hadi lilipopandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019. Mwajiri wangu mmoja alikuwa na Land Cruiser pikapu yenye kempa ya kuta ngumu za faibaglasi, iliyokuwa na kitanda kilichotokeza juu ya kebini ya dereva, choo kidogo na tangi la maji. Kulala humo ilikuwa raha, sitadanganya. Kuiendesha ndiko kulikokuwa na mambo.

Kutoka ardhini hadi juu ya paa, gari lile lilikaribia mita tatu. Njia za kwenda kambi za warina, kama unavyozijua mwenyewe, zimefunguliwa na baiskeli na pikipiki, na hakuna aliyekata matawi ya miyombo kwa kumfikiria mtu mwenye nyumba mgongoni. Siku moja tawi la mninga, lisilozidi unene wa kifundo cha mkono, liling'oa kifuniko cha tundu la hewa darini. Hatukusikia chochote kwa sababu ya kelele za sufuria, tukaendelea na safari, na mvua ya saa kumi ikamiminika moja kwa moja kitandani. Usiku huo bosi wangu alilala kwenye kiti cha mbele, magoti usukani, kama wewe. Kempa ya paa la kuinua, ikiwa imeshushwa, huizidi kebini kwa shubiri moja au mbili tu, kwa hiyo mahali pikapu yako inapopita leo, mara nyingi nayo itapita.

Kisha kuna kuyumba. Kijumba kirefu huupandisha juu kitovu cha uzito wa gari zima, na athari yake huioni kwenye lami bali siku unapovuka mbuga, ile ardhi yetu nyeusi inayogeuka ugali kuanzia Novemba. Gurudumu moja likizama, kijumba huegemea upande huo na kulishindilia gurudumu lile lile lililokwisha kuzama. Tulikwama hivyo mara mbili, na mara ya pili tulilazimika kushusha maji yote na vyombo vyote kabla gari halijakubali kutoka. Watu watakutajia pia mafuta, kwamba uso mrefu wa kempa ngumu hupambana na upepo na kuongeza ulaji. Ni kweli kwa mwendo wa lami. Kwa njia zako za kilomita thelathini kwa saa, hoja hiyo usiipe muda.

Linaloniogopesha zaidi kwako ni uzito. Pikapu kama yako huruhusiwa kubeba karibu tani moja, na ndani ya tani hiyo wamo dereva na abiria wake, jambo ambalo wengi hulisahau. Kempa kamili za kuta ngumu zinazotengenezwa Marekani kwa kawaida huanzia kilo 700 zikiwa tupu na nyingi huvuka tani, kwa kuwa zimebuniwa kwa pikapu kubwa za huko. Za paa la kuinua zenye samani chache hupatikana kwa kilo 400 hadi 600. Ongeza maji, ambayo kila lita ni kilo moja. Halafu ongeza hizo ndoo zako: wewe unajua kuliko mimi kwamba ndoo ya lita 20 ya asali haina kilo 20, ina karibu kilo 28, maana asali ni nzito kuliko maji. Ndoo kumi ni kilo 280 kabla hujapanda wewe na mama.

Wala usidhani dawa ni kununua gari kubwa. Gari lenye uzito wa jumla kuanzia tani 3.5 linapaswa kuingia kwenye mizani ya barabarani, na Land Cruiser yetu ilikuwa ikipanga foleni pamoja na malori ya saruji. Kabla hujazungumza na fundi yeyote, nenda kapime gari lako likiwa na tangi lililojaa.

Fundi Bodi, Isevya alijibu:

Shikamooni wazee wangu.

Nimetengeneza kempa mbili tu hadi leo, moja ya kila aina, kwa hiyo ninayoyasema yachukuliwe kwa kipimo hicho. Watu hudhani fundi atampigia mteja debe la ile yenye kazi nyingi ili alipwe zaidi. Ukweli ni kwamba yenye kuta ngumu ni rahisi kuijenga, kwani ni boksi, na boksi tunalijua. Kosa nililolifanya ni kulijenga kama tunavyojenga bodi ya lori: fremu ya bomba za chuma za mraba, plaiwudi ya milimita 12, bati juu yake. Lilipokamilika, kabla ya kitanda wala kabati, lilikuwa na kilo 620, na mwenyewe alipoliweka kwenye gari, mkia ukakaa chini na taa za mbele zikawa zinamulika vilele vya miembe. Nilimwongezea springi, gari likanyooka. Lakini springi hunyanyua mkia tu, haziongezi uwezo wa ekseli, breki wala chasisi. Leo ningetumia fremu ya alumini na paneli nyepesi zenye povu katikati, kama zile za magari ya friji, ambazo bei yake ni ya kukaa kitako kwanza.

Ya paa la kuinua niliijenga kwa alumini, nusu ya chini ngumu, paa likibebwa na mbao mbili za kukunjika kama bawaba ya kitabu, moja mbele na moja nyuma, pamoja na shoki za gesi kama zile za mlango wa nyuma wa gari dogo. Ilitoka kilo 340 ikiwa na kitanda na benchi moja. Kinachohitaji akili ni kitambaa. Turubai la pamba hupumua, ndani hakutoki jasho, lakini ukilikunja likiwa bichi kwa siku mbili litaota ukungu mweusi usiotoka. Turubai la plastiki, lile la mapazia ya malori, halina ukungu wa haraka ila asubuhi utalikuta linadondosha maji ya pumzi zenu wenyewe. Mimi nilitumia la pamba lililopakwa dawa, nikaweka madirisha makubwa ya wavu pande tatu. Zipu zake ndizo zinazokufa kwanza kwa vumbi la huku. Mwenyewe husugua kipande cha mshumaa kila mwezi na zimefika mwaka wa tatu.

Mzee, usikubali turubai la buluu wala jeusi, hata kama fundi atakuambia ndilo lililopo dukani. Ndorobo hupenda rangi hizo; ndiyo maana mitego yao msituni ni vitambaa vya buluu na vyeusi. Chagua kaki au kijivu cha mwanga.

Ipo pia aina ya tatu, ambayo kampuni ya Alaskan ya Marekani inajulikana kwayo: kuta ni ngumu lakini nusu ya juu hushuka na kuivaa nusu ya chini, kama kifuniko cha kiberiti, kwa nguvu ya haidroliki. Nimeitazama kwenye video mara nyingi. Siwezi kuijaribu hapa, kwa sababu kati ya kuta mbili zinazopishana kwa karibu namna ile, vumbi la barabara ya Kaliua wakati wa kiangazi litafanya kazi ya msasa.

Kempa yoyote ile, ifungwe kwenye chasisi. Bodi ya Hilux ni bati tu. Nimeziba matundu ya watu waliofunga kwenye kingo za bodi na kempa ikang'oka na kipande.

Mama wa Mwanga, Kigoma alijibu:

Kaka Mrina, naomba nipingane kidogo na hawa wanaume wawili, ingawa wamesema mengi ya kweli. Nimsalimie na wifi.

Mimi nilitumia ya paa la kuinua kwa misimu mitatu, nikinunua dagaa na mawese katika vijiji vya mwambao. Wanaoisifu husema inafunguliwa kwa dakika mbili, na ni kweli. Hawasemi habari za kuifunga. Unasimama nje, unavuta paa chini, kisha unazunguka gari lote ukisukumia kitambaa ndani kwa kiganja, maana kikibanwa na kingo ya paa kitachanika. Kukiwa kukavu ni dakika tano. Kukiwa na mvua, na mvua ya Kigoma si ya kunyunyiza, unakunja kitambaa kilichorowa, na maji yake yote yanashukia kwenye godoro ambalo utalilalia jioni. Mtu wa matembezi hukaa mahali pamoja siku nne na kungoja jua. Wewe, kwa maelezo yako, ni mtu wa kuhama kila asubuhi kwenda kambi nyingine. Hesabu asubuhi hizo kwa mwaka.

Kuna na upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi hupiga kwa nguvu ziwani, na kitambaa usiku kucha hupigapiga kama tanga lililolegea. Mtoto wangu alizoea, mimi sikuzoea. Na kuna usiku mmoja, nje ya kijiji ambacho sitakitaja, mtu alipitisha wembe kwenye dirisha la wavu akaondoka na simu mbili zilizokuwa zinachajiwa pembeni ya mto. Hakutugusa. Lakini tangu hapo nililala na viatu.

Nitakuwa mkweli kwa upande wa pili pia. Watu wa nchi za baridi huzisifu kuta ngumu kwa sababu zinatunza joto, na hoja hiyo huku kwetu imepinduka kichwa chini miguu juu. Ziwa liko mita 773 tu juu ya usawa wa bahari na usiku wa Oktoba mwambaoni hauna ubaridi wa kumsaidia mtu. Ndani ya boksi lenye madirisha mawili madogo utalala kama mkate kwenye tanuri, wakati kwenye turubai, madirisha yote yakiwa wazi, angalau kuna kaupepo. Tabora iko juu zaidi na Juni huwa na baridi yake, lakini blanketi la pili linatosha.

Jambo jingine, ukifika Kigoma kumbuka kwamba Gombe na Mahale hufikiwa kwa boti na hifadhini hakuna barabara ya gari, kwa hiyo kempa itabaki mjini siku mbili tatu bila mtu. Ya paa la kuinua ikishushwa na kufungwa ni boksi gumu kama nyingine yoyote. Hapo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni wa usiku na wa asubuhi za mvua.

Mrina wa Ipuli alijibu:

Nawashukuru nyote. Dada wa Mwanga, wifi yako amezipokea salamu na amekasirika kidogo.

Jana nilikwenda kwenye kinu kimoja cha mpunga chenye mizani ya magari, wakanipimia kwa bei ya soda. Pikapu, tangi likiwa limejaa na mimi nikiwa nimeshuka, ni kilo 1,850. Kibati cha gari kinasema isizidi 2,800. Zinabaki 950. Mimi na mke wangu ni 150, tukabaki na 800. Maji lita 60. Tairi la pili la akiba, koleo, jeki na zana 80. Jiko, mtungi wa gesi, vyombo, matandiko na chakula tumekisia 110. Betri na sola 40. Zinabaki 510. Nikitoa ndoo kumi za asali, kilo 280, ninabaki na 230 za kempa, ambazo hazitoshi hata ile ya Fundi ya kilo 340. Yenye kuta ngumu nimeifuta nikiwa bado nimesimama pale kwenye mizani, kwa uchungu, kwani nilishaanza kuchagua kitasa.

Nimepiga tena hesabu kwa ndoo sita: kilo 168. Zinabaki 342. Nikasema basi, imeingia.

Dereva wa Zamani alijibu:

Imeingia kwa kilo mbili, mzee. Hizo ni sawa na kanga na viatu vya mama vilivyosahaulika nje ya hesabu. Pia mbao na turubai hunywa mvua, na tope la Novemba chini ya gari lina uzito wake. Chukua ndoo nne mnapokuwa wawili na kempa. Ukienda peke yako kwa kazi kubwa ya kununua, ishushe kempa nyumbani kwa zile jeki na uende na bodi tupu, maana hiyo ndiyo faida ya kempa kuliko gari lililojengwa nyumba moja kwa moja. Na ukirudi kupima, ingiza magurudumu ya nyuma peke yake kwenye mizani, kwa sababu jumla inaweza kuwa halali huku ekseli ya nyuma imeshazidiwa.

Lililo muhimu pia ni mahali pa kuziweka ndoo. Ziwe mbele ya ekseli, zikigusana na ukuta wa kebini. Ukizipanga mlangoni kwa kuwa ndiko rahisi kuzishusha, usukani utakuwa mwepesi kama wa baiskeli kwenye matuta.

Mama wa Mwanga, Kigoma alijibu:

Kwa hesabu hiyo nami sina la kubishia, kaka. Basi fanya mawili. Mwambie fundi godoro liwe na kifuniko cha turubai la plastiki cha kufunika asubuhi kabla hamjashusha paa, ili maji ya kitambaa yaishie juu yake. Na ukirudi nyumbani na kempa mbichi, hata kama umechoka namna gani, inua paa uani ilale wazi usiku huo huo. Yangu iliharibika kwa usiku mmoja niliosema nitaifungua kesho, na kesho yake tukapata msiba.

Fundi Bodi, Isevya alijibu:

Mzee, ndoo nne zitakaa chini ya kitanda upande wa kebini, nitatengeneza kizuizi cha alumini ili zisiteleze, na mlango wake ufungukie nje ubavuni ili usizipitishe ndani. Mifuniko iwe ya kubana kwa pete. Harufu ya asali ikipenya usiku msituni, siafu watakuja kwanza, na nyegere akija hatauliza kama ukuta ni wa turubai au wa bati. Lete gari Jumamosi nipime bodi.

Mrina wa Ipuli alijibu:

Jumamosi saa tatu nitakuwa hapo. Mama ameshachagua kaki.